Miaka 15 ya kusubiri: kisa cha Lyudmila Gurchenko

Tarehe 29 Desemba 1956 kumbi za sinema za Muungano wa Kisovieti zilianza kuonyesha filamu ya kuchekesha yenye nyimbo nyingi, kazi ya mwongozaji kijana, Eldar Ryazanov, ambaye mpaka wakati huo alijulikana zaidi kwa filamu za hali halisi. Iliitwa Karnavalnaya noch, yaani Usiku wa Karnivali. Zaidi ya tiketi milioni 48 ziliuzwa na hakuna filamu nyingine ya Kisovieti ya mwaka huo iliyoifikia. Msichana aliyebeba filamu nzima kwa sauti na miguu yake, Lyudmila Gurchenko, alikuwa na miaka 21 na bado alikuwa anasoma.

Mwaka mmoja na ushei baadaye kazi za maana zilianza kumkauka. Hali hiyo ilidumu mpaka 1973. Kisha akarudi, na kati ya hapo na 1984 akacheza uhusika ambao ndio unaomfanya leo ahesabiwe miongoni mwa waigizaji wakubwa wa lugha ya Kirusi katika karne ya 20. Kisa ninachokichambua ni hiyo miaka 15 ya katikati: ilisababishwa na nini, na nini kiliivunja.

Jibu linalopendwa na wengi ni fupi. Alikataa kuwa mpasha habari wa KGB, idara ya usalama ya Kisovieti, dola ikamkomoa. Ni simulizi yenye mvuto, tena inatoka kinywani mwake mwenyewe, na mimi sina sababu ya kumwita mwongo. Ila ukifungua orodha ya kazi zake mwaka kwa mwaka, jibu hilo halitoshi. Linaacha nje mambo mawili ambayo kwa maoni yangu yana uzito zaidi: namna studio za Kisovieti zilivyogawa kazi, na tofauti kati ya Moscow na Leningrad, mji ambao leo unaitwa St. Petersburg.

Mtoto wa mpiga kodiani

Alizaliwa Kharkiv, Ukraine, tarehe 12 Novemba 1935. Kumwita mwigizaji wa Kirusi ni sahihi kwa maana ya lugha na ya studio alizofanyia kazi. Mji wake wa kuzaliwa ni wa Ukraine, na hilo halipaswi kufichwa. Baba yake, Mark, alikuwa mpiga bayan, kodiani ya vitufe inayopigwa sana huko. Mama naye alikuwa kwenye shughuli hizohizo za muziki.

Wajerumani waliingia Kharkiv Oktoba 1941. Baba alikwenda vitani na kikundi cha kuwatumbuiza askari. Mama na mtoto walibaki mjini chini ya utawala wa adui mpaka Agosti 1943. Katika kitabu chake cha kumbukumbu za utotoni Gurchenko anaeleza kwamba aliwaimbia askari wa Kijerumani ili apate chochote cha kutia mdomoni. Alikuwa na miaka sita au saba. Jambo hili liwekwe akilini, kwa sababu miaka kadhaa baadaye watu wa filamu walimwona mwepesi mno kwa hadithi za vita.

Mwaka 1953 alikwenda Moscow na kukubaliwa VGIK, chuo cha taifa cha sinema, katika darasa la Sergei Gerasimov na Tamara Makarova. Hawa walikuwa walimu wazito, na darasa lao lilijengwa juu ya uigizaji wa maisha ya kila siku. Gurchenko alitaka zaidi: kuimba, kucheza, kuiga watu, kupiga piano, vyote kwa pamoja. Uhusika wake wa kwanza kwenye filamu, katika Doroga pravdy, Njia ya Ukweli, ya Yan Frid, aliupata akiwa bado mwanafunzi. Studio ilikuwa Lenfilm ya Leningrad. Jina hilo litarudi tena na tena.

Usiku ule wa karnivali

Hadithi ya filamu ni nyepesi. Vijana wa jumba moja la utamaduni wanaandaa mkesha wa mwaka mpya. Bosi wa muda, Ogurtsov, aliyechezwa na mchekeshaji mkongwe Igor Ilyinsky, anataka mkesha uwe na mhadhara, hotuba, na burudani iliyokwisha kupitishwa na ofisi. Vijana wanamzunguka kijanja, kitendo kwa kitendo, mpaka sherehe inafanyika jinsi wanavyotaka wao. Kumbuka mwaka wenyewe. Februari 1956 Khrushchev, kiongozi wa chama tawala, alikuwa ametoa hotuba yake ya siri dhidi ya Stalin, na miezi kumi baadaye taifa zima linakaa gizani kumcheka mkubwa wa ofisi. Watu hawakuwa wanafuata nyimbo peke yake.

Gurchenko alikaribia kuukosa uhusika huo. Alipojaribiwa kamera mara ya kwanza hakuchaguliwa. Aliyemrudisha ni Ivan Pyryev, wakati huo mkuu wa Mosfilm, studio kubwa ya Moscow, mwenyewe bingwa wa filamu za nyimbo za enzi ya Stalin, ambaye alisisitiza ajaribiwe tena. Alipopangiwa taa na kamera vizuri, ubishi ukaisha. Matokeo yake ni ile sura inayorudi kwenye televisheni za Urusi kila Desemba: kiuno kilichobanwa mpaka watu wakaanza kubishana kuhusu sentimita zake, gauni jeusi, na wimbo wa Dakika Tano wa Anatoly Lepin, unaohesabu muda uliobaki kabla ya mwaka kugeuka.

Hapa ndipo kitanzi kilipofungwa. Umaarufu wa filamu ile ulishikamana na sura moja, mavazi ya aina moja na wimbo mmoja. Watazamaji walimtaka aendelee kuwa Lena Krylova, msichana wa jumba la utamaduni. Watu wa tasnia walianza kuamini kwamba hana kingine.

Bahasha na ofisi ya waziri

Mambo mawili yalitokea mwaka 1957, na ni vizuri kuyatenganisha kwa sababu husimuliwa kama jambo moja.

La kwanza ni la pesa. Baada ya filamu, viwanda, taasisi na majumba ya utamaduni yalimwalika aje kuimba. Kisheria, tamasha lilitakiwa lipitie vyombo vya serikali na msanii alipwe kwa kiwango kilichopangwa kulingana na daraja lake. Daraja la mwanafunzi lilikuwa hafifu mno. Kwa hiyo wenyeji walimpa bahasha pembeni. Wasanii wengi walifanya hivyo, na kila mtu alijua. Lakini Komsomolskaya Pravda, gazeti la umoja wa vijana wa chama, lilichapisha makala ya kejeli iliyomtaja kwa jina, ikimwonyesha kama binti aliyelewa sifa na fedha akiwa bado hajamaliza masomo. Katika nchi ile makala ya namna hiyo haikuwa maoni ya mwandishi. Ilikuwa ishara kwa kila ofisi iliyosoma.

La pili ni la siri. Kiangazi hicho Moscow iliandaa Tamasha la Dunia la Vijana na Wanafunzi, lililoleta wageni wapatao 34,000 kutoka nchi 131. Vyombo vya usalama vilihitaji macho na masikio miongoni mwa vijana wanaopendeza na wanaozungumza vizuri. Miaka mingi baadaye Gurchenko alisimulia kwamba aliitwa mbele ya waziri wa utamaduni, Nikolai Mikhailov, akaombwa ashirikiane, akakataa, na akaelezwa bila kuficha kwamba jina lake litafutika.

Tuseme yote yalikuwa hivyo. Bado tunabaki na swali: mtu aliyefutwa huonekanaje kwenye orodha za filamu? Mwaka 1958 Gurchenko ndiye nyota wa Devushka s gitaroy, Msichana mwenye Gitaa, ya Aleksandr Faintsimmer, filamu iliyokusudiwa kurudia bahati ya Usiku wa Karnivali. Watazamaji walizidi milioni 30. Kwa hesabu za leo huo ungekuwa ushindi mkubwa. Kwa hesabu za wakati ule ulionekana mwangwi uliochoka. Karibu 1960 yuko kwenye filamu ya Vladimir Vengerov kuhusu marubani wa Leningrad wakati wa vita, na kwenye nyingine iliyotengenezwa Kiev, na nyinginezo. Mwaka 1964 ni mtumishi wa nyumbani katika kichekesho cha mavazi ya kale. Huyu hakupigwa marufuku. Alikuwa mtu ambaye hakuna aliyemwandikia kitu.

Kwa hiyo nauona mchango wa magazeti na waziri hivi: waliondoa kinga yake. Mwongozaji aliyetaka kumtumia sasa alihitaji kumtetea, na kumtetea mtu kunahitaji sababu. Sababu ndiyo iliyokosekana, na hapo tunaingia kwenye jambo lenyewe.

Jinsi kazi zilivyogawanywa

Mwigizaji wa Kisovieti hakuwa na wakala. Hakukuwa na mzalishaji binafsi wa kumwendea. Mwajiri alikuwa mmoja, dola, kupitia studio zake: Mosfilm na Studio ya Gorky kule Moscow, Lenfilm kule Leningrad, Dovzhenko kule Kiev, na za jamhuri nyingine. Kila studio ilikuwa na mpango wa mwaka ulioidhinishwa juu. Kila filamu ilikuwa na baraza la kisanii lililotazama majaribio ya kamera na kusema huyu ndiyo, yule hapana. Waigizaji wengi waliajiriwa na Ukumbi wa Maigizo wa Waigizaji wa Filamu wa Moscow, wakapata mshahara mdogo wa kudumu, wakaketi karibu na simu.

Mfumo huu ulikuwa na faida yake, maana hakuna aliyelala njaa kabisa. Ubaya wake ni kwamba mawazo ya watu wachache kuhusu wewe yakishatulia, hakuna mlango wa pili wa kubisha. Baraza la kisanii lilifikiri kwa aina: huyu ni mama wa kijijini, huyu ni mhandisi kijana, huyu ni mwanamke mwepesi wa mjini. Gurchenko alikuwa peke yake katika aina ya tatu iliyochanganyika na muziki, na aina hiyo ilikuwa inakufa.

Filamu za nyimbo zilikuwa zimetamba miaka ya 1930 na 1940, enzi za Lyubov Orlova na Marina Ladynina. Mwishoni mwa miaka ya 1950 upepo ulikuwa umegeuka kabisa. Mwaka 1957 ulileta Letyat zhuravli, Korongo Warukao, ya Mikhail Kalatozov, na mwaka uliofuata filamu hiyo ikatwaa Palme d'Or, tuzo ya juu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Uso wa zama ukawa ule wa Tatyana Samoylova: msichana aliyevunjwa na vita, asiyepambwa, mwenye macho yasiyotulia. Sinema iliyotaka kuhesabika kuwa ya maana ilitafuta maumivu. Na mwanamke aliyepitia njaa chini ya Wajerumani akiwa mtoto, akiwaimbia ili ale, alionekana hafai kwa hadithi hizo kwa sababu ya gauni lililobana kiuno.

Muziki ulipopata nafasi, hakuipata yeye. Ryazanov mwenyewe alipoandaa Gusarskaya ballada ya 1962, filamu ya nyimbo kuhusu msichana anayejifanya askari wakati wa vita vya Napoleon, Gurchenko alijaribiwa. Uhusika ukaenda kwa Larisa Golubkina, msichana mpya kabisa. Hakuna KGB hapa. Ni mwongozaji aliyetaka uso ambao mtazamaji hajaubandika jina.

Kuna ushahidi mmoja ambao kwangu unamaliza ubishi. Mwaka 1965 Vengerov, yuleyule wa filamu ya marubani, alimpa uhusika wa Mariya katika Rabochiy posyolok, Kitongoji cha Wafanyakazi, iliyotengenezwa Lenfilm. Mariya ni mke wa mwanamume aliyerudi kutoka vitani akiwa kipofu, uhusika wa Oleg Borisov, anayezama kwenye ulevi. Nywele hazijapambwa, sauti imekauka, nyimbo hakuna. Kila kitu ambacho watu wangekuja kukisifia miaka ya 1970 tayari kimo humo. Filamu ikapita, simu haikulia. Angekuwa anazuiwa na amri kutoka juu, asingepewa uhusika kama ule. Na kama tatizo lingekuwa kipaji, filamu ile ingelimaliza. Tatizo lilikuwa kwamba waliokuwa wakikaa kwenye mabaraza ya Moscow walikuwa wamekwisha kufikiri.

Katikati ya muongo alijaribu jukwaa, katika Sovremennik, ukumbi mchanga wa maigizo uliokuwa gumzo la mji, ambako alicheza Roxane katika Cyrano de Bergerac. Hakukaa. Alizunguka mikoani na matamasha, na kila alikokwenda watu walitaka Dakika Tano. Ndoa zake, zikiwamo ile ya Boris Andronikashvili aliyemzalia binti mwaka 1959 na ile fupi ya mwimbaji Iosif Kobzon, zimeandikiwa kurasa nyingi kuliko filamu zake. Hazielezi chochote kuhusu kisa hiki, kwa hiyo naziacha.

Mkurugenzi wa kiwanda

Mwaka 1973 Viktor Tregubovich wa Lenfilm alikuwa anatafuta mtu wa kucheza Anna Georgievna katika Starye steny, Kuta za Zamani. Anna ni mkurugenzi wa kiwanda cha zamani cha nguo, ambacho wafanyakazi wake karibu wote ni wanawake. Anakwenda mapumzikoni kusini, anakutana na dereva mmoja, Volodya, aliyechezwa na Armen Dzhigarkhanyan, na mkurugenzi anayejua kila mtambo wake anagundua hajui afanye nini na mikono yake mwanamume anapomtazama.

Hebu fikiri jinsi chaguo hili lilivyosikika. Uhusika wa mkurugenzi mwanamke ulikuwa na sura yake rasmi: mzito, sauti nene, suti ya kijivu, uso wa bango. Kumpa msichana wa karnivali ilikuwa karibu na dhihaka. Tregubovich alifanya hesabu nyingine. Mwigizaji mzito angecheza uzito juu ya uzito. Gurchenko angelazimika kuuficha wepesi wake, na mtazamaji angeona kazi ya kuuficha. Ndivyo ilivyokuwa. Anna anatembea kwa hatua fupi zilizobanwa, anaongea kama mtu anayesoma ripoti, halafu mara moja moja kitu kinamponyoka, bega linacheza, jicho linacheka, naye anakirudisha ndani haraka. Utani wote wa filamu na uchungu wake wote umo kwenye kule kurudisha.

Mwaka huohuo baba yake Mark alifariki. Hakuwahi kuona binti yake akirudi juu. Kitabu cha utotoni ambacho Gurchenko aliandika baadaye kimejaa yeye, lafudhi yake na kelele zake, mpaka baba anakaribia kuwa mhusika mkuu.

Mwaka 1976 uhusika wa Anna ulimpa Tuzo ya Serikali ya Urusi inayoitwa kwa jina la ndugu Vasilyev. Mwanamke aliyeandikwa na gazeti la vijana kama mfano mbaya alituzwa kwa kumwakilisha mfanyakazi wa mfano. Sijui kama kuna aliyecheka siku ile, lakini ilistahili.

Leningrad

Sasa tulirudie lile jina. Filamu yake ya kwanza: Lenfilm. Filamu ya marubani: Lenfilm. Rabochiy posyolok: Lenfilm. Kuta za Zamani: Lenfilm. Filamu za televisheni zilizomrudishia nyimbo, Solomennaya shlyapka ya 1974 akiwa na Andrei Mironov na Nebesnye lastochki ya 1976, zote za Leonid Kvinikhidze: Lenfilm tena. Na mwaka 1976 Aleksei German, mwongozaji mgumu kuliko wote wa studio ile, alimweka katika Dvadtsat dney bez voyny, Siku Ishirini bila Vita, kutoka kwa maandishi ya Konstantin Simonov.

Hii si bahati nasibu. Lenfilm ilikuwa mbali na wizara kwa usiku mzima wa treni. Ilikuwa na desturi ya kutafuta nyuso zisizotarajiwa, na waongozaji wake hawakuwa wameishi ndani ya kelele za 1957 kama wenzao wa Moscow. German alikwenda mbali zaidi. Karibu na Gurchenko alimweka Yuri Nikulin, mchekeshaji wa sarakasi aliyependwa na nchi nzima, acheze mwandishi wa habari za vita aliyechoka, akiwa likizoni Tashkent. Watu wawili ambao taifa lilizoea kuwacheka, ndani ya filamu ya vita isiyo na mzaha hata mmoja. Simonov, aliyekuwa na sauti kubwa kwenye ofisi za juu, alisimama upande wa chaguo hilo.

Ungeweza kunipinga kwa hoja ya umri, na hoja hiyo ina nguvu. Mwaka 1973 Gurchenko alikuwa karibu na miaka 38, na sinema ya Kisovieti ya wakati huo ilikuwa inaanza kuandika kwa wingi wanawake wa rika hilo: wenye kazi nzuri, wenye chumba kimoja, wasio na mume, wenye maisha ambayo vita au vyeo viliyapinda. Hadithi za namna hiyo zilitapakaa mpaka miaka ya 1980. Kwa kiasi fulani basi sinema yenyewe ilimfuata alipokuwa amesimama. Nakubali. Lakini waigizaji wa rika lake walikuwa wengi, na yeye alikuwa na kitu ambacho wao hawakuwa nacho: mtazamaji alikumbuka alivyokuwa na miaka 21. Kila alipoonekana amechoka, watu milioni 48 walijua ni nini kimechoka.

Jioni tano na kituo kimoja

Nikita Mikhalkov alilitumia hilo bila huruma katika Pyat vecherov, Jioni Tano. Mwaka 1978 alikuwa anapiga Oblomov, na filamu hiyo ikabidi isimame kusubiri majira mengine. Hakutaka kikosi chake kikae bure, kwa hiyo ndani ya wiki chache wakapiga tamthilia ya Alexander Volodin, karibu yote ndani ya vyumba. Tamara ni msimamizi kiwandani, mwanachama wa chama, anamlea mpwa wake. Ilyin, aliyechezwa na Stanislav Lyubshin, alikuwa mchumba wake kabla ya vita. Anagonga mlango baada ya miaka mingi. Tamara anamweleza kwamba ana kazi nzuri, ya kuwajibika, na kwamba anajiona anahitajika. Anarudia hivyo mara kadhaa, na kila mara sentensi ileile inapungua nguvu.

Matukio ni ya mwishoni mwa miaka ya 1950, yaani wakati uleule Gurchenko alipoanza kukosa kazi. Filamu ni ya rangi ya kahawia isiyokolea, kama picha ya zamani, mpaka mwisho kabisa ambapo Tamara anaongea karibu na Ilyin aliyelala, anapanga maisha yao, anaomba vita tu visije, na rangi zinaingia polepole chumbani. Nimeiona filamu hii zaidi ya mara moja na bado naona hakuna mahali pengine alipofika juu vile. Haimbi wala hachezi dansi, na kwa kuwa haimbi sauti yake ya kuongea ndiyo inayobeba muziki wote.

Sibiriada ya Andrei Konchalovsky, iliyopata tuzo kuu maalumu ya majaji kule Cannes mwaka 1979, nitaipita. Yeye ni mzuri humo, ila filamu ni kubwa kuliko mtu yeyote aliyemo.

Tuje 1982. Miaka 26 baada ya Usiku wa Karnivali, Ryazanov alimpa tena uhusika mkubwa. Vokzal dlya dvoikh, Kituo cha Watu Wawili, inasimulia habari ya Vera, mhudumu wa mgahawa wa kituo cha reli katika mji mdogo, na mpiga piano, Oleg Basilashvili, anayekosa treni kwa sababu ya ugomvi juu ya chakula alichokataa kukilipia. Vera ana kelele, ana ulimi, ana mpenzi kondakta wa treni anayesafirisha matikiti ya kuuza. Mpiga piano anaelekea gerezani kwa kosa la mkewe alilokubali kulibeba. Mwisho wa filamu wawili hao wanakimbia thelujini alfajiri kuwahi kuhesabiwa kwa wafungwa, na mwanamume anapiga kodiani kwa mbali ili walinzi wajue hajatoroka. Filamu ilishindana Cannes mwaka 1983, na mwaka huohuo Gurchenko akapewa cheo cha Msanii wa Taifa wa Muungano wa Kisovieti, cha juu kuliko vyote.

Ulinganisho kati ya filamu mbili za Ryazanov unafaa kufanywa taratibu. Lena wa 1956 anamshinda mkubwa wa ofisi kwa ujanja na kila kitu kinaisha kwa nyimbo. Vera wa 1982 hana wa kumshinda. Anachoweza kufanya ni kubeba vyombo vya chakula mpaka kambi ya wafungwa. Mwongozaji ni yuleyule, mwigizaji ni yuleyule, nchi imezeeka.

Kile ambacho hakikurudi

Watu huhitimisha kisa hiki kwa ushindi, na hapo naona kasoro. Gurchenko alirudi kama mwigizaji wa mikasa. Kipaji chake kingine, kile cha kuimba, kucheza na kubadilika sura ndani ya dakika moja, sinema haikukijengea nyumba tena. Kilihamia televisheni. Mwaka 1978 Evgeny Ginzburg alimtengenezea kipindi kizima, Benefis, ambamo anakuwa mtu huyu na yule, bila kupumzika. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amevunjika mguu vibaya kwenye barafu wakati wa kupiga Mama, filamu ya nyimbo iliyoongozwa na Elisabeta Bostan wa Romania. Anayejua hilo hawezi kuitazama Benefis kwa utulivu. Mwaka 1980 aliimba nyimbo za wakati wa vita katika kipindi cha televisheni, na kwa mara ya kwanza utoto wa Kharkiv na sauti ya jukwaani vikakutana mahali pamoja.

Kwenye sinema, ucheshi ulipata dirisha moja kubwa: Raisa Zakharovna katika Lyubov i golubi ya Vladimir Menshov, ya 1984, mwanamke wa mjini anayemteka mume wa mtu kule mapumzikoni kwa maneno ya nguvu za ajabu na vyakula visivyo na nyama. Kiasi cha milioni 44 waliitazama. Ni uhusika wa pembeni, na bado vijana wengi wa Urusi leo wanamjua kwa huo kabla ya mwingine wowote.

Muungano ulipovunjika, studio zilififia naye alihamia zaidi kwenye jukwaa na runinga. Mwaka 2009 alishiriki kuongoza filamu, Pyostrye sumerki, Machweo ya Rangi Nyingi, na kuitungia muziki. Alifariki Moscow tarehe 30 Machi 2011 akiwa na miaka 75. Mwaka 2015 maisha yake yakafanywa tamthilia ya televisheni, na aliyemcheza, Yuliya Peresild, ndiye mwigizaji ambaye Oktoba 2021 alirushwa kwenda kituo cha kimataifa cha anga kupiga filamu.

Mosfilm imeweka filamu zake nyingi kwenye mtandao, baadhi zikiwa na tafsiri ya maandishi chini. Mgeni asianze na karnivali. Aanze na Jioni Tano, kisha Kituo cha Watu Wawili, halafu ndipo arudi 1956. Na Rabochiy posyolok, ambayo ni ngumu zaidi kuipata, aitafute kwa bidii, kwa sababu humo ndimo jibu la swali la kisa hiki lilipokuwa tangu 1965.